Pumzi, Moyo na Akili: Uhakiki wa Istilahi za Sayansi ya Michezo

Utangulizi

Mwaka 1967 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria mbili ambazo ni nadra kutajwa pamoja. Moja iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa, na nyingine iliunda Baraza la Michezo la Taifa. Mabaraza hayo ni ya rika moja, lakini kila moja limefuata njia yake. Lugha ya michezo, kwa kiasi kikubwa, imejengwa na watangazaji wa redio, waandishi wa magazeti na washabiki wenyewe. Hapana budi tuseme kwamba wameijenga vizuri. Maneno kama kuotea, chenga, mlinda mlango na kona hayakungoja kikao cha kamati yoyote, na leo hayana mshindani.

Lakini sasa uwanja umeingiliwa na taaluma nyingine. Watafiti wa saikolojia, wa ubongo na wa teknolojia wanachunguza kwa nini mkimbiaji mmoja huongeza kasi pale ambapo mwenziwe husimama. Matokeo yao yanawafikia walimu na makocha wetu kwa njia ya tafsiri, na tafsiri hizo hutegemea maneno ambayo tayari yana kazi nyingine: moyo, pumzi, akili, presha, motisha, ufundi. Katika makala haya tutayahakiki maneno hayo, moja baada ya jingine, na kuonyesha lipi linafaa kubaki, lipi lifafanuliwe upya, na lipi liachwe.

Kipimo chetu ni mwalimu wa michezo wa shule ya msingi katika kata ya Kalinzi, mkoani Kigoma. Tumemchagua kwa sababu tatu. Kwanza, Kalinzi iko milimani, katika nchi ya kahawa, juu zaidi kuliko Ziwa Tanganyika ambalo uso wake uko mita 773 kutoka usawa wa bahari. Watoto wa huko hupanda na kuteremka vilima kila siku, na kukimbia si jambo geni kwao. Pili, wanafunzi wake huja shuleni na Kiha, na Kiswahili ndicho lugha watakayoelezwa sayansi. Neno likiwa na utata, mwalimu hana pa kukimbilia. Tatu, watu wa upande huo wanalifahamu neno mtafiti kwa muda mrefu. Tangu mwaka 1960 wageni wamekuwa wakifanya uchunguzi wa sokwe katika misitu ya Gombe, si mbali na vijiji vyao. Hapana haja ya kuwaeleza utafiti ni nini. Wanachohitaji ni kupewa matokeo yake kwa lugha wanayoielewa.

Pumzi dhidi ya moyo

Mtangazaji akitaka kusema kwamba mchezaji ameshindwa kuendelea, husema ameishiwa pumzi. Akitaka kumsifu aliyeendelea, husema ana moyo. Tunayatumia maneno haya kana kwamba ni mapambo ya usemi tu. Ukweli ni kwamba kila moja limebeba nadharia nzima.

Katika miaka ya 1920 Archibald Hill wa Uingereza, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 kwa uchunguzi wake wa misuli, aliwapima wakimbiaji na kufundisha kwamba kikomo cha mwanadamu kinatokana na kiasi cha oksijeni kinachoweza kufikishwa kwenye misuli. Hiyo ndiyo nadharia ya pumzi. Miongo mingi baadaye Tim Noakes wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, aliuliza swali ambalo hata mtoto wa Kalinzi angeweza kuuliza: kama misuli imekwisha nguvu, inakuwaje mkimbiaji anaongeza kasi anapouona utepe? Jibu lake lilikuwa kwamba ubongo humzuia mtu mapema, kabla mwili haujaumia, na humwachia akiba anapojua kwamba mwisho uko karibu. Hiyo inakaribia nadharia ya moyo, ingawa kiungo chenyewe kimehamia kichwani.

Sasa tumchukue John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio za marathoni za Michezo ya Olimpiki huko Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, Mtanzania huyu alianguka na kuumia goti. Wakimbiaji 75 walianza na 57 walimaliza. Yeye alikuwa wa 57, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Tukisema aliishiwa pumzi, tutakuwa tumeeleza hewa nyembamba ya Mexico lakini hatujaeleza kwa nini alifika. Tukisema alikuwa na moyo, tutakuwa tumeeleza kwa nini alifika lakini tumeficha goti na hewa. Mtafiti anahitaji neno la tatu, litakalotaja uwezo wa kuendelea na kazi ya mwili kwa muda mrefu bila kuamua mapema uwezo huo unatoka wapi. Neno hilo tunalo: ni ustahimilivu. Pumzi ibaki kwa hewa iingiayo na kutoka mapafuni, na moyo ubaki katika sifa na nyimbo.

Kuna sababu nyingine ya kuliondoa neno moyo katika taarifa za kitaalamu. Siku hizi saa ya mkononi huhesabu mapigo ya moyo. Taarifa moja inaweza kusema kwamba moyo wa mwanafunzi ulipanda, kisha, mistari miwili mbele, kwamba moyo wake ulishuka. Mara ya kwanza ni mapigo, mara ya pili ni hamu ya kushindana. Msomaji wa Kiha, ambaye umutima wake hubeba maana hizo zote kama moyo wa Kiswahili, hatakuwa na njia ya kuzitenganisha. Istilahi inayomlazimisha msomaji kubahatisha si istilahi.

Gavana asiye gavana

Nadharia ya Noakes ina jina ambalo limewatega wafasiri. Jina lake la asili limetokana na chombo kinachofungwa kwenye injini ili isizidishe mwendo, lakini chombo hicho, katika lugha yake, kina jina moja na mkuu wa jimbo. Mfasiri mwenye haraka atatuandikia "gavana wa kati" au "mtawala mkuu wa ubongo", na mwalimu wetu atafikiri kwamba kichwani mna serikali.

Hapa Kiswahili kina neno bora kuliko lugha ya asili. Kila abiria wa basi la masafa marefu anajua kidhibiti mwendo ni nini. Nchini Kenya neno hilo lilienea tangu kanuni za usafiri za mwaka 2003, na nchini Tanzania nalo limezoeleka. Tukisema kidhibiti mwendo cha ubongo, abiria ataelewa mara moja dai la Noakes: injini ina nguvu zaidi, ila imezuiwa kwa usalama. Ataelewa pia pingamizi la wale wasiokubaliana naye, kwa kuwa anaweza kuuliza kifaa hicho kiko wapi na nani amekiona. Istilahi njema humwezesha msomaji kulikubali wazo au kulikataa kwa haki.

Uchovu wa akili si msongo wa mawazo

Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwa watu 16. Siku moja kila mtu alifanya kazi ya kompyuta ya kuchosha akili kwa dakika 90, na siku nyingine alitazama filamu tulivu kwa muda huohuo. Baada ya hapo aliendesha baiskeli ya mazoezi kwa nguvu ileile mpaka aliposhindwa. Baada ya kazi ya akili, kwa wastani, waliendesha kwa sekunde 640. Baada ya filamu, sekunde 754. Moyo na mapafu havikuonyesha tofauti ya kueleza jambo hilo. Tofauti ilikuwa kwamba kazi ileile walihisi ni nzito zaidi.

Dhana hii katika Kiswahili ni uchovu wa akili. Hata hivyo, tumezoea kuona kila jambo la kichwani likiitwa msongo wa mawazo. Msongo wa mawazo ni hali ya mtu aliyeelemewa na matatizo: deni, msiba, ugomvi wa nyumbani. Mtu anaweza kuwa na uchovu wa akili huku hana tatizo lolote duniani. Ametoka tu kufanya hesabu.

Tofauti hii ina uzito wake. Mwalimu mmoja wa Kalinzi alitueleza habari za msichana aliyekuwa akiwashinda wenziwe wote mazoezini katika mbio za mita 1500. Siku ya kuchagua timu ya UMITASHUMTA ya kata, mbio zilifanyika jioni, na asubuhi hadi mchana darasa lake lilikuwa katika mtihani wa majaribio. Alishika nafasi ya tano, akaachwa. Katika daftari la timu mbele ya jina lake iliandikwa: hana moyo. Hatudai kwamba mtihani ndio uliomshinda. Jambo hilo halikupimwa. Tunadai kwamba mwalimu yule hakuwa na neno la kumwezesha hata kuliwaza. Angekuwa na istilahi uchovu wa akili, angeweza kuuliza kama mbio zisogezwe hadi Jumamosi. Kwa kuwa alikuwa na neno moyo pekee, alihukumu tabia ya mtoto. Na hukumu ya tabia, tofauti na kipimo cha uchovu, haiishi baada ya usingizi wa usiku mmoja.

Zito au gumu?

Kuna mahali ambapo neno si jina la chombo cha kupimia bali ndilo chombo chenyewe. Gunnar Borg wa Sweden alitunga kipimo cha jinsi mtu anavyohisi uzito wa kazi anayoifanya. Kipimo hicho huanza na 6 na kuishia na 20, kwa kufuatisha mapigo ya moyo ya kiasi cha 60 hadi 200 kwa dakika, na namba zake huambatana na maneno. Mkimbiaji huulizwa, naye hujibu kwa kuchagua neno na namba. Maneno yakitafsiriwa vibaya, namba zote zitakazokusanywa zitakuwa za uongo, hata kama mashine ni mpya.

Wafasiri wengi watakimbilia neno gumu: gumu kidogo, gumu, gumu sana. Sisi tunaona kwamba neno hilo ni bovu kwa kazi hii. Katika shule zetu kigumu ni kile kisichoeleweka, kama swali la hesabu. Mtoto akiulizwa kama zoezi ni gumu atajibu hapana, kwa kuwa kukimbia hakuhitaji kufundishwa mara mbili. Mwulize kama ni zito, naye atafikiria ndoo ya maji na gunia la kahawa, yaani atafikiria mwili wake. Kwa hiyo tunapendekeza: jepesi sana, jepesi, zito kiasi, zito, zito sana, na mwisho kabisa, limenishinda. Neno hili la mwisho halina sura ya kitaalamu, lakini ndilo wanalolisema watu wanapoutua mzigo.

Presha, mchecheto na kiwewe

Mchezaji aliye hodari mazoezini huvurugika mbele ya umati. Magazeti husema alikuwa na presha. Neno hili tungeliacha kwa sababu moja iliyo wazi: presha ni ugonjwa. Mzazi wa Kalinzi akipata barua kwamba mwanawe ana presha kabla ya mashindano, atampeleka zahanati, naye atakuwa na haki.

Kiswahili kina hazina kubwa hapa, na ni aibu kuiacha. Mchecheto ni ile hali ya kutotulia kabla ya tukio. Kiwewe ni kuchanganyikiwa katikati ya tukio. Woga ni kukimbia tukio lenyewe. Watafiti nao hutenganisha hali hizi, kwa sababu dawa zake si moja. Mwenye mchecheto kidogo anaweza hata kufanya vizuri zaidi. Tangu mwaka 1898 Norman Triplett wa Marekani alionyesha kwamba waendesha baiskeli huenda kasi zaidi wanapokuwa na wenzao kuliko wanapokuwa peke yao, na hivyo ni dhahiri kwamba kuwapo kwa watu si hasara wakati wote. Mwenye kiwewe anahitaji kufundishwa utaratibu wa kurudi katika kazi yake. Kumwita mwoga ni kumpa jina lisilo lake.

Motisha na ari

Neno motisha lilikuja na ahadi nzuri, lakini maofisi yameligeuza. Mtumishi wa serikali akisoma kwamba walimu wapewe motisha, huelewa posho, cheti au nyumba. Kwa hiyo sentensi kama "utendaji wa mkimbiaji hutegemea motisha yake" itasomwa kwamba mkimbiaji analipwa. Marcora hasemi hivyo. Anasema kwamba mtu huacha pale uzito anaouhisi unapozidi juhudi aliyo tayari kuitoa. Utayari huo wa ndani ni ari. Motisha iwe kile kinachotolewa na mtu wa nje, na ari iwe kile kinachoamka ndani ya mchezaji. Baada ya hapo tutaweza kuuliza swali la maana, yaani kama motisha fulani imeongeza ari au imeiua.

Mtaalamu yupi, ufundi upi?

Tunafika sasa mahali ambapo wafasiri hunyamaza kwa adabu. Katika kandanda yetu neno mtaalamu, likisemwa kwa sauti ya chini, humaanisha mganga, na kamati ya ufundi, likisemwa kwa tabasamu, humaanisha watu wanaoshughulikia ndumba za klabu. Wakati huohuo benchi la ufundi na mkurugenzi wa ufundi ni vyeo halali. Basi mtu akiandika kwamba timu imemwajiri mtaalamu wa kuimarisha akili za wachezaji kwa njia za kiufundi, nusu ya wasomaji wataelewa jambo jingine kabisa.

Kwa sababu hiyo tunashauri jina kamili litumike daima: mwanasaikolojia wa michezo. Neno elimunafsi, lililopendekezwa zamani kwa taaluma hii, lina uzuri wake, lakini saikolojia limekwisha kuingia vyuoni na hospitalini, na hatuoni faida ya kulipinga. Tusiandike pia "mtaalamu wa akili", kwa maana msomaji wa Tanzania akisikia kwamba akili inashughulikiwa na mtaalamu, fikra zake huenda moja kwa moja katika hospitali ya Mirembe, Dodoma. Mchezaji anayezungumza na mwanasaikolojia si mgonjwa, na lugha isimfanye aone haya.

Vivyo hivyo teknolojia iitwe teknolojia. Alphonce Simbu alipoipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya Mashindano ya Dunia ya Riadha, huko Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, na picha ya mstari wa kumalizia ndiyo iliyoonyesha tofauti ya sekunde 0.03. Hiyo ni teknolojia ya kupima. Viatu vyenye bamba la kaboni ni teknolojia ya kusaidia, na mwaka 2020 Shirikisho la Riadha la Dunia liliweka mpaka kwamba soli ya kiatu cha barabarani isizidi milimita 40. Eliud Kipchoge wa Kenya alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 huko Vienna mwaka 2019, akiwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumwekea mwendo na gari lililomulika mstari barabarani, muda wake haukutambuliwa kuwa rekodi. Mjadala huo wote ni kuhusu wapi kupima kunaishia na kusaidia kunaanzia. Tukitumia neno ufundi kwa yote mawili, hatutaweza kuufuata.

Mishipa na umeme

Madaktari wetu wamezoea kusema mishipa ya fahamu, na vitabu vya shule husema neva. Tunaunga mkono neva. Mshipa una kazi nyingi mno: hupitisha damu, huvutwa mguuni, na ni jina la ugonjwa. Fahamu nayo ni ile anayoipoteza mtu anapozirai. Neva ni neno fupi, linakubali ngeli bila shida, na linatupa sayansi ya neva.

Wapo watafiti wanaopitisha umeme hafifu juu ya fuvu ili kuona kama ustahimilivu utaongezeka. Matokeo yao bado yanabishaniwa. Tafadhali jambo hili lisitafsiriwe kuwa kupigwa shoti, wala chombo chake kisiitwe kichocheo, neno ambalo michezoni limekwisha kuhusishwa na dawa zilizokatazwa. Usisimuaji wa ubongo unatosha.

Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba tunajisumbua, na kwamba njia nyepesi ni kuyachukua maneno ya kigeni yote kama yalivyo. Hatupingi kukopa, tumekubali saikolojia, neva na teknolojia. Lakini kukopa si dawa ya uvivu. Motisha lilikopwa, na bado likapotoka. Utaratibu tunaoujua wa kutafuta kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha kwingineko, haukuwekwa kwa sababu ya majivuno. Uliwekwa kwa sababu neno lililo karibu na msomaji hufanya kazi zaidi, kama tulivyoona katika kidhibiti mwendo na mchecheto.

Mapendekezo yetu kwa ufupi ni haya:

(a) Ustahimilivu utumike kwa uwezo wa mwili kuendelea. Pumzi na moyo yabaki katika maana zake za kawaida.

(b) Uchovu wa akili utengwe na msongo wa mawazo.

(c) Ari ni ya ndani, motisha ni ya nje.

(d) Presha liachiwe hospitali. Mchecheto, kiwewe na woga yatumike kwa kutofautishwa.

(e) Mwanasaikolojia wa michezo aitwe kwa jina lake kamili, na ufundi lisitumike mahali pa teknolojia.

Mwaka 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Viwanja, barabara na hoteli vina kamati zake. Tunaamini kwamba maneno nayo yanahitaji watu wa kuyashughulikia, ili mwalimu wa Kalinzi asomapo matokeo ya utafiti apate jambo la kumfanyia mwanafunzi wake siku ya Jumatatu. Wafasiri na walimu walio na maneno bora kuliko haya, hasa yale yanayosemwa viwanjani katika mikoa yao, wanaombwa wayalete pamoja na sentensi zinazoonyesha yanavyotumika.